Kiti Kimoja, Wanunuzi Wawili: Kompyuta na Tiketi za Safari

Mji wa Tunduma katika Mkoa wa Songwe ndipo barabara kuu itokayo Dar es Salaam inapovuka mpaka na kuingia Zambia, baada ya mwendo wa zaidi ya kilometa 900. Abiria anayesafiri njia hiyo hukaa ndani ya basi kutwa nzima, na pengine sehemu ya usiku. Kwake yeye kiti si jambo dogo. Akipanda alfajiri na kumkuta mwenzake amekwisha kukalia kiti namba 14, na kila mmoja anayo tiketi halali ya kiti hicho hicho, mmoja wao hana budi kungoja kesho. Kosa la namna hiyo ni la kale kuliko kompyuta. Juhudi za kuliondoa ndizo zilizozaa biashara ya leo ya kuuza safari kwa njia ya mtandao, na makala haya yanaeleza jinsi zilivyofaulu.

Daftari moja badala ya mengi

Basi moja huuzwa na mawakala wengi: mmoja yuko Tunduma, mwingine Vwawa, wa tatu Mbeya. Kila wakala akiwa na daftari lake, njia ya salama ni kugawana viti. Wa Tunduma hupewa viti 20, wa Mbeya 15, na kadhalika. Ubaya wa mgawo huo ni kwamba abiria huweza kukataliwa Tunduma ilhali viti vya Mbeya vimebaki vitupu. Wakala anayeuza nje ya mgawo wake kwa kubahatisha ndiye anayewagombanisha abiria.

Kampuni ya ndege ya American Airlines ya Marekani ilipambana na tatizo hilo kwa kipimo kikubwa zaidi. Katika miaka ya 1950 makarani wake walikaa kuzunguka meza yenye kadi za safari, na kumpatia abiria nafasi kuliweza kuchukua saa moja na nusu. Mwaka 1953 rais wa kampuni hiyo, C. R. Smith, aliketi ndani ya ndege karibu na mfanyakazi wa kampuni ya IBM, wakazungumza. Mazungumzo hayo yalizaa mtambo ulioitwa Sabre, ambao mwaka 1964 ulikuwa umeunganisha ofisi za kampuni hiyo na kompyuta 2 za aina ya IBM 7090. Kadi zote zikawa daftari moja, nalo likasomwa kutoka mbali kwa njia ya simu.

Intaneti ilipoenea, abiria mwenyewe akapewa ruhusa ya kulifunua daftari hilo bila karani. Expedia ilianza Marekani mwaka 1996 na mwaka huo huo ikaanza Booking.com huko Uholanzi. Nchini Tanzania kizuizi kilikuwa malipo, kwa kuwa watu wachache walikuwa na kadi za benki. Huduma ya M-Pesa, iliyoanza hapa mwaka 2008, ilikiondoa. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, imesisitiza mabasi ya mikoani yauze tiketi za mtandao. Kwa hiyo tiketi si karatasi tena. Tiketi ni mstari ulioandikwa katika daftari lililoko mbali, na karatasi au ujumbe wa simu ni ushahidi tu wa mstari huo.

Kati ya kusoma na kuandika

Hata hivyo, kuwa na daftari moja hakutoshi. Mwalimu anaweza kulionyesha jambo hili darasani. Aandike ubaoni "Kiti 14: kitupu". Wanafunzi 2 wasome maandishi hayo kwa wakati mmoja, kisha wageuke na kwenda nyuma ya darasa kuandika tiketi kwa ajili ya wateja wao, na ndipo warudi ubaoni kuandika "kimeuzwa". Kila mmoja amesoma vema na hakuna aliyedanganya, lakini kiti kimeuzwa mara mbili. Kosa limezaliwa katika nafasi iliyoko kati ya kusoma na kuandika. Katika kompyuta nafasi hiyo ni sehemu ndogo ya sekunde. Lakini siku za kuamkia Krismasi, wanunuzi wanapokuwa wengi, hata sehemu hiyo hutosha.

Jaribio lirudiwe, safari hii ikiwepo chaki moja tu, na sharti liwe kwamba asiyeshika chaki haruhusiwi kusoma wala kuandika. Kosa litatoweka. Chaki hiyo ndiyo inayoitwa kufuli. Mtaalamu wa Uholanzi, Edsger Dijkstra, alieleza kanuni hiyo kwa hesabu mwaka 1965. Lakini chaki moja kwa ubao mzima ingewachelewesha watu bure, kwani anayetaka kiti namba 3 hana ugomvi na anayetaka namba 14. Ndiyo sababu kila kiti hupewa kufuli yake. Tena kufuli hufungwa kwa muda maalumu, ili mteja aliyechagua kiti kisha akabadili nia asikizuie daima. Dakika zikiisha kabla hajalipa, kiti hurudi sokoni.

Liko jambo lingine linalowasumbua wasafiri zaidi, nalo ni fedha. Fedha za mteja zimo katika daftari la kampuni ya simu, na kiti kimo katika daftari la mwenye basi. Mawasiliano yakikatika fedha zimekwisha kutoka na kiti hakijaandikwa, mteja hubaki na mikono mitupu. Mmarekani Jim Gray, aliyepewa Tuzo ya Turing mwaka 1998, alitumia miaka mingi kuijenga kanuni ya muamala: mambo yote yatimie, au yote yafutwe kana kwamba hayakutokea. Mtambo uliotengenezwa vizuri huandika kwanza nia yake, ndipo hutenda. Mawasiliano yakirudi, husoma nia hiyo na kumalizia kazi au kurudisha fedha. Kila ombi huwa na namba yake pekee, ili mteja aliyebonyeza mara 2 kwa wasiwasi asitozwe mara 2. Mitambo yote haikutengenezwa kwa uangalifu huo. Msafiri na asiufute ujumbe wenye namba ya muamala mpaka afike aendako.

Saa ya Tunduma

Mstari wa tiketi hutaja pia saa ya kuondoka, na hapa Tunduma ina mkasa wa peke yake. Saa za Tanzania ziko mbele ya saa za Greenwich kwa saa 3, na za Zambia kwa saa 2. Tunduma na Nakonde ya Zambia ni miji iliyogusana, lakini upande mmoja ukiwa saa 12 asubuhi, ng'ambo bado ni saa 11. Simu inayojirekebisha saa yenyewe, ikishika mnara wa ng'ambo, huweza kuonyesha 05:00 wakati basi la 06:00 linaondoka. Mwenye simu hiyo hudhani anayo saa nzima ya kunywa chai. Isitoshe, Mswahili huhesabu saa tangu mapambazuko. Wakala akiandika "12:00" bila kueleza, mmoja atafika alfajiri na mwingine adhuhuri. Kompyuta hulikwepa tatizo hilo kwa kuhifadhi wakati wote kwa saa ya Greenwich na kuugeuza pale tu unapoonyeshwa kwa mtu. Saa iliyo ukutani kituoni ni ya kuaminika kuliko iliyo mfukoni.

Zoezi

Basi litokalo Dar es Salaam lipitie Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma: vituo 6, vipande 5. Kila kiti kiandikiwe tarakimu 5, ambapo 1 ni kipande kilichouzwa na 0 ni kilicho wazi. Abiria wa Dar es Salaam hadi Makambako ni 11100, na wa Mbeya hadi Tunduma ni 00001. Wote wawili hukaa kiti kimoja, ambacho sasa kinasomeka 11101. Wa tatu anayetaka Iringa hadi Mbeya, yaani 00110, hukataliwa, kwa kuwa tarakimu ya tatu imegongana. Wa Makambako hadi Mbeya hukubaliwa.

Mwanafunzi aonyeshe kwamba safari za upande mmoja zinazoweza kuuzwa katika njia hiyo ni 15. Kisha awapange katika viti abiria hawa watano: Dar es Salaam–Iringa, Morogoro–Mbeya, Iringa–Tunduma, Makambako–Tunduma na Mbeya–Tunduma. Viti 3 vinatosha. Atafute mpango huo, na aeleze, kwa kujumlisha tarakimu za kila kipande, kwa nini viti 2 haviwezi kutosha.