Nyota Ndogo ya Mexico: Vidokezo 8 vya Kuonja Sonata za Gitaa Ukiwa Pwani ya Kusini

Najua, najua. Ukisikia neno "sonata" unaona ukumbi wenye kiyoyozi, watu wamejifunga tai na hakuna anayethubutu kukohoa. Nawe uko Ukunda, tuktuk inakupigia honi, mbaazi ziko jikoni na mtoto anadai bando. Tulia. Tunazungumzia gitaa moja, mtu mmoja na dakika chache tu. Tena nikwambie siri: kwa shughuli hii, masikio ya watu wa Kwale yana mtaji mkubwa kuliko wenyewe wanavyodhani. Haya twende, mbaazi zisije zikaungua.

1. Anza na nyota, sonata itafuata

Jina la kushika ni moja tu: Manuel M. Ponce. Alizaliwa Fresnillo, jimbo la Zacatecas huko Mexico, mwaka 1882, akafariki 1948. Kabla hajawa bwana wa sonata za gitaa alikuwa mpiga piano na mtunzi wa nyimbo, na mwaka 1912 alitoa wimbo wa mapenzi uitwao "Estrellita". Unajua maana yake kwa Kispania? Nyota ndogo. Ndiyo, kama yule mwimbaji wetu wa "Watu na Viatu"! Tafuta wimbo huo kwanza, uimbwe au upigwe kwa gitaa, vyovyote. Ukishamzoea Ponce akiimba, hutapotea siku akianza kusimulia kisa kirefu bila maneno.

2. Fungua na kitu kifupi, na uandike jina sawasawa

Kitu chenyewe ni "Sonatina Meridional". Sonatina ni sonata ndogo, na hii yote ni dakika kumi hivi. Ina sehemu tatu: Campo, Copla, Fiesta. Yaani mashambani, wimbo, sherehe. Mtu wa Lukore au Mwabungo anahitaji kufafanuliwa nini hapo?

Kuhusu jina, jifunze kwangu. Nilipeleka flashi kwenye kibanda cha kujaziwa nyimbo, nikamwambia kijana, "Niwekee gitaa za Mexico, zile za taratibu." Nikafika nyumbani na nyimbo arubaini za tarumbeta na kofia kubwa. Nilicheza, sikatai, lakini si nilichoagiza. Siku hizi naandika herufi kwa herufi: Ponce, Sonatina Meridional. Kisha nachagua sauti tupu bila video, bando isije ikayeyuka kama barafu juani.

3. Kifuate kidole gumba, kama ulivyomfuata Bosco

Hapa ndipo ule mtaji wako unapofanya kazi. Babu zetu na wajomba zetu walikua na gitaa la vidole. Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimkuta mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, Kongo, mji unaoitwa Likasi leo, akamrekodi akipiga "Masanga". Mtu mmoja, gitaa moja, na bado ukifumba macho utaapa wako wawili. Gumba linatembea chini, kidole cha shahada kinacheza juu, na wala havigongani.

Zoezi la dakika sita: piga "Masanga" usikilize gumba peke yake, sauti zile nene. Usijali za juu, zitajitunza. Halafu weka sehemu ya pili ya Sonata III ya Ponce, ya mwaka 1927. Inaitwa Chanson, wimbo kwa Kifaransa, kwa kuwa wakati huo mzee alikuwa akiishi Paris. Fuata gumba tena. Utashangaa jinsi unavyolishika mara moja, ilhali mtu wa ukumbi wa kiyoyozi bado anahangaika kutafuta mlango.

Tofauti utaiona pia. Bosco anazunguka: anarudi palepale, na kila mzunguko anaongeza chumvi kidogo. Ponce anaondoka. Anakuacha hujui anakwenda wapi, kisha anatokea uchochoro wa pili.

Na kama nyumbani kwenu ni taarabu ya zamani, ile ya Zein l'Abdin na udi wake, umepiga hatua moja mbele zaidi. Udi ule ule wa Kiarabu uliofika kwetu kwa majahazi ndio uliozaa luti ya Ulaya, hata jina "luti" limetokana na "al-ud". Gitaa ni jamaa wa karibu wa ukoo huo, nalo Wahispania wakalivusha hadi Mexico. Kwa hiyo hapa hakuna mgeni. Ni binamu wawili waliopanda vyombo tofauti.

4. Isikilize sonata kama shangazi aliyetoka harusini

Watu huogopa kwamba sonata ina kanuni. Inayo, lakini unaijua. Shangazi anaanza: "Harusi ilifana!" Hiyo ni sauti ya kwanza. Kisha: "Lakini pilau, mwanangu..." Hiyo ya pili, yenye tabia nyingine kabisa. Halafu anatangatanga: nani alivaa nini, nani hakusalimiana na nani, gari lililokwama Kombani, na katikati ya hayo anachomeka vipande vya harusi na vipande vya pilau, vimepinduliwa na kutiwa viungo. Mwisho anarudi: "Ehee, kwa hiyo harusi ilifana, na ile pilau..." Safari hii mambo yote mawili yanakaa katika chumba kimoja.

Ndiyo hivyo tu! Sehemu ya kwanza ya sonata nyingi hujengwa namna hiyo. Kazi yako ni moja: kumbuka sauti ya mwanzo, halafu inua kidole ikirudi. Ukiinua kidole mara moja tu, umefaulu, jipongeze kwa dafu.

5. Kumbuka mshipi wa mvuvi

Siku moja keti karibu na mvuvi pale Msambweni anapofunga ndoana. Mshipi ameukaza kati ya kidole cha mguu na mkono, na akiudonoa katikati unatoa mlio mnene, wa kulegea. Akiudonoa karibu na kidole, mlio unakuwa mkavu, kama umekasirika. Nyuzi za gitaa la namna hii ni nailoni, ndugu yake mshipi ule, na mchezo ni uleule. Mpigaji akipeleka mkono karibu na tundu la gitaa, unasikia asali. Akiusogeza nyuma, karibu na pale nyuzi zilipofungwa, unasikia bati.

Kwa hiyo ukisikia sauti ileile imerudiwa lakini rangi imebadilika, usidhani spika imeharibika. Mkono umehama. Na zile fyuu fyuu ndogo katikati? Ni ngozi ya vidole ikiteleza juu ya nyuzi. Wengine zinawakera. Mimi nazipenda, zinanihakikishia kwamba kuna mtu mle ndani.

6. Santuri ikikwaruza, usiikimbie

Sonata hizi zina baba mlezi: Andrés Segovia, Mhispania aliyefika Mexico mwaka 1923, akapiga tamasha, na Ponce akiwa miongoni mwa waliomsikiliza. Mwaka huohuo ikazaliwa "Sonata Mexicana", ya kwanza. Ponce mwenyewe hakuwa mpiga gitaa, kwa hiyo Segovia ndiye aliyekuwa akipitia kazi na kuonyesha vidole vikae wapi.

Kati ya 1927 na 1939 Segovia alirekodi santuri ambazo bado zinapatikana, na kazi za Ponce zimo. Zinakwaruza kama mafuta ya viazi karai yakianza kupata moto. Upande mmoja wa santuri za enzi hizo ulibeba dakika nne au tano tu, kwa hiyo kurekodi sonata nzima ilikuwa kazi ya kukatakata vipande. Nyuzi nazo zilikuwa za utumbo wa mnyama, nailoni haijaja bado. Sikiliza dakika tatu za Segovia, kisha mtafute Adam Holzman, Mmarekani aliyerekodi kazi nyingi za Ponce kwa lebo ya Naxos. Mmoja anavuta maneno kama mzee anayesimulia barazani. Mwingine yuko safi, kila noti imeoga. Ni kama mbaazi za nazi za mama wawili: viungo vilevile, na nyumba nzima inabishana. Kwangu mimi ni Segovia, mikwaruzo na yote.

7. Pata udaku kidogo

Nani alisema muziki wa klasiki hauna udaku? Segovia na Ponce walikula njama. Ponce aliandika msururu wa vipande kwa mtindo wa karne ya 18, Segovia akavipiga na kuvirekodi akidai ni vya Sylvius Leopold Weiss, mpiga luti Mjerumani aliyefariki 1750. Watu wazima na elimu zao wakatikisa vichwa: "Aa, Weiss huyo!" Kumbe Mmexico anacheka pembeni.

Na kama unashangaa mbona kuna Sonata III lakini ya pili huioni, usimalize bando kuitafuta. Hati zake zilipotea wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Hispania. Katika zilizobaki, ipo "Sonata Romántica" aliyomwandikia mtunzi marehemu Schubert kama salamu. Iweke kiporo mpaka utakapokuwa na dakika ishirini na ushei bila mtu wa kukuita.

8. Chagua saa, kisha mtafute mtaalamu wa mtaani

Gitaa ni chombo cha sauti ndogo. Ufukweni kusi likivuma hutasikia kitu, na tuktuk ikipita ndiyo kabisa. Saa nzuri ni baada ya isha, watoto wamelala, au alfajiri kabla kima hawajaanza kutimka juu ya mabati. Stima ikipotea, usinung'unike: feni imenyamaza, jirani amenyamaza, na simu yako bado ina chaji. Ukumbi umeupata bure.

Ukishaizoea Sonatina, vuka hadi pwani yao. Veracruz ni jimbo la bahari, lililopokea watu wengi walioletwa kutoka Afrika enzi za utumwa, na ndilo nyumbani kwa "La Bamba". Huko ndiko alikozaliwa Ernesto García de León mwaka 1952, mpiga gitaa ambaye naye ameandika sonata kadhaa. Msikilize uone kama husikii upepo wa chumvi.

Na "La Bamba" ukiitaja Diani, nani asiyeijua? Wapigaji wa bendi za hoteli wanaipiga usiku baada ya usiku, mara tu baada ya "Jambo Bwana". Mmoja wao pengine ni jirani yako, vidole vyake vina sugu, na hakuna aliyewahi kumwomba apige kitu cha polepole. Mwalike Jumapili mchana. Mnunulie soda baridi, msikilize wote wawili kwenye simu ile Copla, ambayo ni fupi kuliko foleni ya feri ya Likoni, kisha mwulize gumba linafanya nini pale. Atakuonyesha.