Kidonge Hakitamlinda Mnywaji



Hivi karibuni mpwa wangu, kijana aliyesoma na mwenye kazi nzuri, alinijia dukani. Mimi ni muuza dawa wa miaka mingi. Baada ya kunipa shikamoo akasema: "Mjomba, nataka vile vidonge vya bakteria wazuri wa tumbo." Nikamuuliza kama anaharisha. Akainamisha kichwa. "Hapana. Nikinywa usiku, asubuhi huvimeza ili pombe isinidhuru."

Sikumgombeza. Nilimpa kiti nikamweleza haya, nami nayaandika hapa kwa kuwa najua hayuko peke yake.

Bakteria hao si uzushi. Wamo hata katika mtindi tunaokunywa majumbani. Lakini pombe haiwasubiri. Hufyonzwa tumboni na katika utumbo mwembamba, ikaingia kwenye damu muda mfupi baada ya kunywewa. Kidonge kinapomezwa asubuhi, ini limekwishabeba mzigo usiku kucha.

Ini huigeuza pombe kuwa asetaldehaidi, sumu inayoharibu chembe hai, kabla ya kuivunja zaidi. Pombe hiyohiyo hulegeza ukuta wa utumbo, sumu za bakteria zikapenya na kufika kwenye ini. Kwa mnywaji wa muda mrefu, ini hujaa mafuta, huvimba, na mwisho husinyaa.

Atatokea wa kusema kuwa utafiti upo. Ni kweli. Mwaka 2008 ulichapishwa utafiti wa wanaume 66 wa Urusi waliolazwa hospitali kwa ajili ya ulevi. Waliopewa bakteria kwa siku 5 walionekana na vipimo vya ini bora kuliko wenzao. Lakini wote walikuwa wameachishwa pombe! Hapo bakteria walimsaidia aliyeacha, si anayeendelea kunywa.

Na ini si kiungo pekee. Tangu mwaka 1988 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani wameiweka pombe katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani, zikiwamo za mdomo, koo, ini, utumbo mpana na matiti. Mwaka 2023 shirika hilo likatamka kuwa hakuna kiwango cha pombe kilicho salama kwa afya.

Sisi Waislamu tulikwishapewa hesabu hii. Suratul Baqarah, aya ya 219, haikukana kuwa pombe ina manufaa kwa watu. Imetufundisha kuwa ubaya wake ni mkubwa zaidi. Leo kijana wetu anataka kuipindua mizani hiyo kwa kidonge. Kidonge hicho kinamwondolea hofu tu, na hofu ndiyo ingemrudisha.

Wazazi na maimamu, tusiwafukuze vijana hawa. Anayekunywa kila siku kwa wingi asiache ghafla peke yake, kwani anaweza kupata mtetemeko na degedege. Apelekwe hospitali asaidiwe. Wala asizoee kutuliza kichwa cha asubuhi kwa parasetamoli, kwa kuwa ikichanganyika na ulevi wa kudumu huweza kuliumiza ini.

Mpwa wangu sikumuuzia. Tumekubaliana tukitoka swala ya Ijumaa twende pamoja akapimwe ini. Mlango wa toba uko wazi, naye bado ni kijana.

Wabillahi Tawfiq.