Ilimu ya Akhlaki Yampeleka Wapi Mwanafunzi?

Kijana akisema ataka kusoma ilimu ya akhlaki katika chuo kikuu, wazee humuuliza: "Na hiyo italeta mkate gani?" Suali hilo hatulidharau, kwani ada ni nzito na nyumba zina haja. Jibu letu twalianza kwa khabari ya kweli.

Huko Tuskegee, Marekani, tangu mwaka 1932 hata 1972, madaktari wa serikali waliwatazama wanaume weusi 399 wenye kaswende bila ya kuwatibu, hata baada ya penisilini kujulikana kuwa ndiyo dawa yake. Madaktari wale hawakukosa ilimu ya tiba. Walikosa kujua mpaka wao. Mwaka 1974 sheria ya nchi ile ikaamuru kamati zipime utafiti juu ya watu kabla haujaanza. Leo kamati kama hizo zipo hata Kenya, nazo zahitaji watu waliofundishwa kupambanua haki na dhulma. Wengine waliosoma ilimu hii hushika ualimu, au huiongeza juu ya sheria na uganga.

Wala si ilimu ngeni kwetu: Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, aliitungia kitabu, Tahdhib al-Akhlaq.

Walakini kuijua mizani si kupima sawa. Mwenye kuisoma amana kisha akaila, cheti chake ni hoja ya kumsuta. Basi ewe mzazi, usimzuie mwanao. Bali killa arudipo likizo muulize mawili: umesoma nini, na umetenda nini?