Mafunzo Niliyopata Baada ya Kurudi kutoka Kambi ya Uimbaji

Naimba sauti ya pili katika kwaya ya usharika wetu hapa Moshi. Hivi karibuni nilipata nafasi ya kwenda Alabama, Marekani, kwenye Camp Fasola, kambi iliyoanza mwaka 2003 kufundisha uimbaji wa The Sacred Harp. Kitabu hicho cha nyimbo za dini kilitolewa na B. F. White na E. J. King mwaka 1844, na watu bado wanakiimba, bila kinanda wala ngoma. Nimesharudi, na haya ndiyo niliyorudi nayo.

1. Kuimba hakuhitaji watazamaji

Waimbaji huketi pande nne za mraba wakitazamana, kila sauti upande wake, katikati pakiachwa wazi. Anayetaka kuongoza huingia pale katikati, hutaja ukurasa, na wote huimba kwa nguvu zao zote. Hakuna mwalimu wa kwaya, wala hakuna anayeimba ili apigiwe makofi. Nilimwona binti mdogo, kitabu kimemjaa mkononi, akipandisha na kushusha mkono kuhesabu mapigo, na wazee wa besi wenye mvi wakimfuata pigo kwa pigo. Zamu yangu ilipofika nikaelewa kwa nini watu husafiri mbali kwa ajili ya nafasi ile: sauti zote nne zinakujia kwa pamoja, hadi kifua kinatetemeka.

Jumapili ya kwanza baada ya kurudi, kwaya yetu ilisimama na sare mpya, spika zikafunguliwa, na waumini wakainua simu kurekodi. Kwaya zetu ni nzuri na nazipenda kwa dhati. Lakini muumini anayegeuzwa mtazamaji amenyang'anywa sehemu yake ya ibada.

2. Nota ni mali ya wote

Katika kitabu kile kila nota ina umbo lake: fa ni pembetatu, sol duara, la mraba, mi almasi. Kabla ya maneno, huimbwa kwanza majina ya nota. Kwetu sisi wa do re mi ni kazi, maana do yetu kule inaitwa fa, na fa, sol na la hujirudia ndani ya ngazi ileile. Baada ya siku chache macho yalizoea.

Hapo ndipo nilipouona utajiri wetu. Sol-fa tunayoandika ubaoni ilienezwa na John Curwen huko Uingereza katika karne ya 19, ikatufikia kupitia wamisionari. Wapo akina mama waliotoka shambani jioni, wakasoma ubaoni wimbo wasiowahi kuusikia, wakauimba. Leo wengi wetu tunatumiwa sauti zetu kwa WhatsApp, tunakariri. Inaokoa muda, lakini aliyekariri hawezi kuufungua wimbo mpya peke yake. Kila mara atamngoja anayejua. Watoto wa shule ya Jumapili wafundishwe nota mapema.

3. Waliotangulia waimbiwe kwa majina

Katika mikutano ya uimbaji huu kuna kipindi kinachotengwa kwa ajili ya marehemu na wagonjwa. Majina husomwa moja moja, kisha wimbo huimbwa kwa ajili yao. Nililia pale, kwa ajili ya watu nisiowajua na kwa ajili ya wangu. Sisi humzika mwanakwaya kwa heshima kubwa, lakini baada ya arobaini jina lake halisikiki tena mazoezini. Nimewaomba viongozi wetu nasi tuwakumbuke marehemu wetu kwa majina, na daftari la majina limeshaanza kuandikwa.

4. Ukirudi, anza na kidogo

Sikuja kuwafundisha wenzangu nyimbo za Alabama. Za kwetu zinatosha, na ni tamu. Zaidi ya daftari lile, nilichoomba ni viti tu: mazoezini tukae mraba, tutazamane, na kila atakaye aongoze wimbo mmoja.

Nawe mwalimu wa kwaya, jaribu hivyo jioni moja. Zima kinanda, wakaribishe hata wasio wanakwaya, kisha mwite katikati yule ambaye hajawahi kuombwa aongoze.