Saa ya Kurithiwa

Mnazi ni mahali palipo chini ya milima ya Usambara, katika wilaya ya Lushoto. Mfikirini baba mmoja wa huko aliyejaliwa mtoto wa kike. Ameuza mbuzi wawili, naye ataka kununua saa ya mkono, ili binti huyo aipokee kuwa urithi siku atakapokuwa mtu mzima. Hana fedha za kununulia mara ya pili. Je, achague vipi?

Dukani aonyeshwa saa mbili, bei yao ni moja. Ya kwanza ina rangi ya dhahabu, yang'aa sana. Ya pili ni ya chuma kisichoshika kutu, haina mapambo. Macho yavutwa na ya kwanza. Lakini mwenye busara huuliza kwanza: saa hii ikiharibika, yaweza kufunguliwa na kutengenezwa?

Saa za mkono ni za namna mbili. Namna ya kwanza huendeshwa kwa kamani, yaani utepe mwembamba wa chuma uliozongwa. Kamani ikijikunjua huzungusha magurudumu madogo yenye meno, nayo huisukuma mishale. Saa hiyo yaweza kukosea sekunde kadhaa kila siku, tena yataka kusafishwa na kutiwa mafuta mapya kila baada ya miaka michache. Namna ya pili huendeshwa kwa betri na kijiwe kiitwacho kwatzi, ambacho hutetemeka sawasawa. Saa ya mkono ya namna hiyo iliuzwa mara ya kwanza huko Japani, mwaka 1969. Hiyo hushika wakati vizuri zaidi. Lakini betri iliyokwisha ikiachwa ndani yaweza kuvuja na kuiharibu saa; na vyombo vyake vya umeme vikifa, mara nyingi havitengenezeki, ila hubadilishwa, kama vingine vyapatikana. Bali gurudumu lililovunjika, fundi hodari aweza hata kulichonga upya.

Basi baba yule aomba saa zote mbili zifunguliwe. Ile ya kwanza ni ya betri, na dhahabu yake ni rangi tu iliyopakwa juu ya madini hafifu. Ya pili ina kamani na magurudumu safi. Ainunua ya pili.

Je, aifungie sandukuni miaka ishirini? La. Mafuta yaliyomo hukauka hata kama saa imesimama. Afadhali aivae mwenyewe, aitie ufunguo kila asubuhi, na kuilinda na maji na vumbi. Tena aandike mwaka alioinunua, na kila mwaka ilipopelekwa kwa fundi, maana wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mtoto atakua akiiona saa ile mkononi mwa baba yake, saa ya kwenda shule na saa ya kurudi shambani. Siku atakapopewa, kioo kitakuwa na mikwaruzo, na ukanda umebadilishwa mara nyingi. Lakini ataijua. Saa iliyofichwa sandukuni ingemfikia kama zawadi ya mgeni.

Maswali
1. Kamani hufanya kazi gani?
2. Kwa nini haifai kuifungia saa sandukuni?
3. Nyumbani kwenu kiko kitu gani cha kurithiwa? Hutunzwaje?