Mnara Uliobaki: Kanisa la Bagamoyo

Msomaji mpenzi, ukienda Bagamoyo, pwani ya Tanzania, utaonyeshwa mnara mkongwe uitwao Mnara wa Livingstone. Utadhani ati Livingstone ndiye aliyeujenga, au alihubiri hapo. La hasha! Kanisani humo aliingia akiwa maiti. Hebu tuanze mwanzo.

Mapadri wa Shirika la Roho Mtakatifu walihamia Bagamoyo kutoka Unguja mwaka 1868. Mji huo ulikuwa mwisho wa njia ya misafara. Pembe za ndovu na watumwa kutoka bara walifikishwa hapo kabla ya kuvushwa Unguja. Mapadri walikomboa baadhi ya watumwa, wengi wao watoto, wakawajengea kijiji. Hao ndio waliokuwa waumini wa kanisa la kale. Mwaka 1872 kimbunga kikabomoa majengo mengi ya misheni, ikabidi kujenga upya.

Mnamo Februari 1874 ukaingia msafara wa ajabu. Livingstone alikuwa amefariki Mei 1873 kijijini Chitambo, katika nchi ambayo leo ni Zambia. Watumishi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba kwa miguu yapata kilomita 1,600. Baadhi yao walifia njiani. Mwili ulilazwa kanisani Bagamoyo, ukavushwa Unguja, kisha ukazikwa London Aprili 1874. Kati ya wachukuzi hao ni Jacob Wainwright pekee aliyeusindikiza hadi mazishini.

Kanisa jipya la mawe lilijengwa kati ya 1910 na 1914, enzi ya Wajerumani. Lile la kale likatoweka, ukasalia mnara.

Sasa, wenzangu, tujiulize. Aliyebebwa alipewa mnara. Waliobeba je? Na wale watoto waliokombolewa, nani anawataja? Jengo huanguka, jina likabaki. Lakini jina moja haliwezi kusimulia habari za wote. Tukiuona mnara ule, tumkumbuke Livingstone, ndiyo, ila tusiwasahau Susi, Chuma na wenzao. Mwenye kubeba mzigo ndiye ajuaye uzito wake.

Maswali ya kujadiliana
1. Kwa nini mapadri walichagua Bagamoyo?
2. Ungepewa nafasi, ungeuita mnara huo jina gani? Toa sababu.
3. Waulize wazee: kanisa au msikiti wa kwanza mtaani kwenu ulijengwa na nani?