BMI yangu imepita 30, nifanye nini?

Swali: Daktari, nina miaka 41, naishi Buyenzi. Nina kilo 78 na urefu wa mita 1.60. Nesi kaniambia BMI yangu imepita 30. Maana yake nini?

Jibu: Dada, BMI ni uzito ukilinganishwa na urefu. Zidisha urefu kwa urefu: 1.60 mara 1.60 ni 2.56. Gawanya 78 kwa 2.56, unapata 30.5. Shirika la Afya Duniani huhesabu 18.5 hadi 24.9 kuwa uzito wa kawaida. 30 kwenda juu ni unene wa kupindukia.

Lakini hesabu hii ya Mbelgiji Adolphe Quetelet, ya karne ya 19, ilikusudiwa kuchunguza umma, si mtu mmoja. Haitofautishi mafuta na misuli. Mbeba mizigo wa bandarini anaweza kuhesabiwa mnene bure. Kwa hiyo azima futi ya fundi cherehani. Izungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi, usome. Kwa mwanamke, kiuno kuzidi sentimita 80 kunaongeza hatari ya kisukari na presha.

Usikimbilie kilo 64, mpaka wa uzito wa kawaida kwa urefu wako. Kupunguza kilo nne tu kunasaidia mwili. Punguza bonge la ugali, ongeza lengalenga. Ndagala wasiogelee kwenye mawese. Tembea kila siku. Na wiki hii, nakusihi, kapime sukari na presha.